Habu za Mkono

Kusini mwa Taru, ukiiacha barabara kuu na kuingia porini kwa mwendo wa saa moja hivi, kuna mto usiokuwa na maji karibu mwaka mzima. Una mchanga tu, mweupe na mlaini, mwingi wa kumeza mguu hadi gotini. Watu wa huko huufukua wakapata maji chini yake, na mbuzi huuvuka bila kujali. Gari huuvuka kwa dua. Pikapu yangu ilizama humo mara mbili katika majuma matatu, na hiyo mara ya pili ndiyo iliyonipeleka kwa baba.

Mimi ni mhudumu wa mifugo. Nina chumba kimoja mjini Kwale, kule juu mlimani, chenye friji ya dawa na kiti cha wateja ambacho mara nyingi hukaliwa na kuku aliyefungwa miguu. Lakini kazi yenyewe iko bara, Kinango na Samburu na Taru, kwa wafugaji ambao mbuzi kwao ni akiba, ni mahari, ni karo ya watoto. Mimi hubeba chanjo katika sanduku la barafu, na barafu haina subira. Ukichelewa, unachofika nacho ni maji tu yenye jina la dawa.

Pikapu niliinunua ikiwa imeshatumika, na ilikuwa na habu za kujifunga zenyewe. Kwa asiyezijua, habu ni kile kichuma kilichojitokeza katikati ya gurudumu la mbele. Ndani yake mna kifaa cha kulishikanisha gurudumu na shafti inayoleta nguvu kutoka kwenye injini. Kikishika, magurudumu ya mbele nayo huvuta. Kikiachia, hujiendea tu kama ya mkokoteni. Katika magari mengine dereva hushuka akakigeuza kwa mkono. Langu halikutaka hayo. Nilivuta tu gia ya foo-wili, ile ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, nikiwa kitini, na habu zikajifunga. Nikimaliza kwenye matope nilirudi nyuma kidogo, zikajifungua. Hivyo ndivyo alivyonieleza aliyeniuzia, na kwa mwaka wa kwanza hakuwa amesema uongo.

Baba hakuzipenda tangu siku ya kwanza. Aliendesha malori ya mawe ya kujengea kwa zaidi ya miaka thelathini, na hakuwa mtu wa kukiamini kitu asichokishika. Alilizunguka gari langu jipya, akaigonga habu kwa ukucha, akaniambia kwamba kinachojifunga chenyewe siku moja kitakataa chenyewe, wala hakitakupa sababu. Nilicheka. Wakati ule alikuwa mzima.

Kiharusi kilimpata asubuhi moja akinyoa ndevu. Kilichukua upande wote wa kulia. Ulimi ulikuwa mzito kwa wiki kadhaa, kisha ukarudi. Mguu ulirudi nusu, akawa anatembea na bakora. Mkono haukurudi, au niseme kweli, hakuutafuta. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alimpa mpira mdogo aufinye mara mia kwa siku. Baba aliuweka juu ya kabati akasema mambo ya mpira aliyaacha darasa la nne. Akawa mtu wa barazani, kiti kimoja na redio moja. Waliopanda kuja kumjulia hali kwetu huku kwenye mashamba ya makazi, juu ya Msambweni, aliwaitikia kwa adabu kisha akamwachia mama mazungumzo. Mkono wenyewe aliulaza mapajani na kuufunika leso, kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kukitunza.

Alikaa hivyo miezi minane.

Nilipozama mara ya kwanza kule mtoni nilidhani kosa ni langu, kwamba nimeingia kwa mwendo mdogo. Fundi mmoja wa Ukunda alizifungua habu, akazisafisha, akanirudishia gari na kunihakikishia kuwa ni zima. Tulilijaribu kwenye uwanja mgumu, na kwenye uwanja mgumu kila gari ni zima. Wiki mbili baadaye nikarudi kule kule na sanduku la chanjo ya homa ya mapafu, katikati ya mto gari likaanza kukaa chini kama ngamia. Nilishuka, nikapiga magoti, nikamwomba mchungaji mmoja aliyekuwa akipita anikanyagie mafuta kidogo. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yakizunguka na kujichimbia kaburi. Ya mbele yalikuwa yamesimama kimya, kama yaliyokuja kutazama.

Walinitoa kwa ng'ombe wawili wa plau. Kufikia wakati huo jua lilikuwa limeshageuka. Nilipofika bomani na kulifungua sanduku, barafu ilikuwa maji na kipimajoto kilikuwa kimepanda mbali. Ilinibidi niwaambie watu waliosubiri tangu alfajiri kwamba sitachoma sindano hata moja.

Mkuu wa kile kikundi cha wafugaji ni mama mmoja mrefu, mtulivu, anayezungumza kama anayepima nazi kwa mkono. Mbuzi wake na wa majirani zake walikuwa wameshinda ndani ya boma la miiba bila malisho ili wanisubiri mimi. Tayari wanne walikuwa wakikohoa. Hakunifokea. Alisema, "Mwanangu, safari ya kwanza tulikuombea. Sasa tukuombee tena, ama tutafute mwingine?"

Nilimwomba siku kumi. Alinijibu kwamba siku kumi ni zake kuzitoa, lakini kikohozi hakimsikilizi yeye.

Sikurudi Kwale siku ile. Nililala kwa rafiki Samburu, na kulipokucha nikashuka moja kwa moja hadi nyumbani. Nilikuwa nakwenda kulalamika, si kutafuta fundi. Nilikaa barazani karibu na baba, nikamweleza yote huku redio ikisoma matangazo ya vifo. Nilipofika pale pa magurudumu ya mbele kusimama, alinyoosha mkono wa kushoto akaizima redio.

"Ulipovuta gia, ulisikia kitu?" aliniuliza.

"Sikusikia."

"Basi hazikushika. Zikishika husikika, kama mtu aliyefunga mlango chumba cha pili." Akalinyooshea gari bakora. "Zing'oe. Zote mbili. Tutie za mkono."

Nilimwambia nitamtafuta fundi mwingine. Akasema fundi wa nini, kazi ni ya bolti sita na akili kidogo. Mama, aliyekuwa akichambua kunde mlangoni mwa jikoni, aliinua macho akanitazama. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho baba alikuwa ameanza sentensi kwa "tu".

Agizo lake la kwanza lilikuwa niifungue habu moja, nihesabu meno ya shafti, kisha niende Ukunda na habu ile ile kuukuu mkononi nikailinganishe na za dukani. Mimi nilikuwa na haraka. Nilikwenda mikono mitupu. Kijana muuza spea, mtu wa bara mwenye maneno mengi, aliniapia kwamba habu alizonazo zinaingia pikapu yoyote ya aina yangu, nami nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Niliporudi nyumbani hazikuingia. Meno ya shafti yetu yalikuwa membamba na mengi kuliko matundu ya habu. Baba alinitazama tu, kisha akaomba chai.

Kesho yake nilirudi Ukunda na habu kuukuu nimeifunga kwa gazeti. Kijana alicheka, akaingia nyuma ya duka, akachakura katika rundo la vyuma kwa muda mrefu hata nikafikiri ametokea mlango wa pili. Alirudi na habu mbili zilizong'olewa kwenye gari bovu la aina ile ile. Zilikuwa na vumbi na kitufe cha kugeuzia kimoja kilikuwa kigumu, lakini meno yalikubaliana. Nikamdai pia nati na washa zake, maana baba alikuwa amenisisitizia hilo mara tatu: nati inayobana beringi chini ya habu za kujifunga si ile inayokaa chini ya habu za mkono, na asiyejua hilo hulitambua gurudumu likimpita barabarani.

Kazi tuliianza Jumamosi asubuhi, nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha banda la ng'ombe. Nilizuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, nikapiga jeki upande wa kushoto, nikaling'oa gurudumu. Baba nilimwekea kiti. Hakukikalia. Aliitia bakora kwapani, akachukua spana kwa mkono wa kulia, ule ule, akautanguliza kwa mkono wa kushoto kama anayemshika mtoto mkono. Spana ilianguka. Akaiokota, ikaanguka tena, safari hii ikamgonga kidole cha mguu. Mara ya tatu aliifikisha kwenye bolti, akajaribu kuvuta, vidole vikaachia. Basi aliichukua kwa mkono wa kushoto akaivurumisha, ikapiga bati la banda kwa kishindo, na ng'ombe akaruka. Baba akageuka akaingia ndani.

Nilitaka kumfuata. Mama alinizuia.

"Mwache," alisema. "Tangu augue hajakasirika hata siku moja. Amelia, amenyamaza, amekula nilichompa. Leo amekasirika. Mwache akasirike."

Niliendelea peke yangu. Habu niliyoipeleka Ukunda ilikuwa ya kulia, nami sikuichungulia ndani; hii ya kushoto ilikuwa bado mahali pake. Nilifungua bolti sita, nikakitoa kifuniko, nikaitoa ile pete ndogo ya chuma iliyoikaba shafti, wenyewe huiita klipu. Habu ya zamani ikatoka nzima mkononi mwangu. Nilipoigeuza niliona jibu la majuma yote yale: grisi imekauka ikawa kama lami, na kipande cha ndani kilichopaswa kukwaruza ili habu ijifunge kilikuwa kimelika hadi kikabaki kama ukucha. Hakuna kusafisha kungekiponya.

Kama nusu saa baadaye nilisikia bakora. Baba alikuwa amevaa ovaroli yake ya kazini, ile ya buluu iliyokuwa imekunjwa chini ya kitanda tangu astaafu. Alikuwa ameivaa mwenyewe. Vifungo vilikuwa vimepishana, kimoja kimeruka tundu, na upande wa chini ulining'inia. Nilijifanya sikuona. Aliketi kwenye kile kiti, akaomba aione habu kuukuu, akaitia kidole ndani na kukitoa kikiwa cheusi. Aliniambia nioshe kila kitu kwa mafuta taa, na nisiwe kama fundi wa Ukunda ambaye amepangusa mlango akaiacha nyumba.

Basi ikawa yeye anasema, mimi ninafanya. Niliosha beringi mpaka zikang'aa. Alinionyesha kwa mkono wa kushoto namna ya kuzilisha grisi, unaiweka kiganjani kisha unaisukuma beringi ndani ya kiganja hicho, kidogo kidogo, hadi grisi ichomoze upande wa pili kati ya vile vijiti vyake. Nikazirudisha, nikatia nati mpya.

"Kaza mpaka izunguke kwa shida," alisema. "Haya. Sasa ilegeze. Sasa ikaze tena, lakini usitumie nguvu, tumia vidole. Itikise. Inacheza?"

"Kidogo."

"Kidogo ndiyo huua. Itikise tena."

Tulirudia mpaka ikatulia. Nikafunga washa na skrubu yake, nikapaka gasketi, nikaivika habu. Mpaka hapo nilikuwa najiona fundi. Kilichobaki ni kuirudisha ile klipu kwenye ncha ya shafti, na hapo ndipo tulipokwama kwa karibu saa nzima.

Mfereji wa klipu umo katika shafti yenyewe, na shafti ikikaa mahali pake mfereji huo hujificha ndani ya habu. Lazima mtu aivute shafti nje, mwingine atie klipu haraka. Baba alinifundisha kufunga bolti ndefu kwenye tundu la ncha ya shafti ili ipatikane pa kuvutia. Nikavuta kwa mkono mmoja, nikashika koleo la klipu kwa mkono wa pili. Shafti ilitoka, nikaipeleka klipu, shafti ikarudi. Tena. Mara ya tatu klipu iliruka ikapotelea kwenye mbolea, nikaitafuta kwa magoti huku nikisema maneno ambayo mama, kwa bahati, alikuwa shambani asiyasikie. Mara ya nne koleo liliniteleza.

Baba alisimama. Alihitaji mkono wa kushoto kujishikilia kwenye bodi ya gari asianguke, kwa hiyo uliobaki ni mmoja tu.

"Nipe hiyo bolti," alisema.

Alivipeleka vidole vya mkono wa kulia kwenye bolti, na kwa kuwa havikutii amri ya kukunja, alivisukumiza dhidi ya kichwa cha bolti mpaka vikajikunja vyenyewe kama kulabu. Kisha akaegemea nyuma. Hakuvuta kwa mkono, alivuta kwa mwili mzima, mzito bado, mwili wa dereva wa lori. Nilimwona mshipa wa shingo ukisimama. Shafti ilitoka taratibu, mfereji ukaonekana, nikaiachia klipu ikaingia kwa sauti ndogo kavu.

Hatukusogea. Baba aliutazama mkono wake uliobaki umening'inia kwenye bolti.

"Umeshika," nilimwambia.

"Shafti imekaa," alinijibu. Akakohoa, akaangalia pembeni kwa kitambo. Halafu akasema bado upande wa pili, na jua halitungoji.

Upande wa pili tuliumaliza kabla ya alasiri. Hapo klipu iliingia kwa jaribio la pili. Tulimwita mama aje kuwa shahidi. Aliinama chini ya gari na kanga yake imefungwa kiunoni, nami nikazungusha gurudumu kitufe kikiwa upande wa huru. Mama akasema kile chuma kilicho nyuma ya gurudumu hakizunguki. Nikageuza kitufe upande wa kufunga, kikalia, nikazungusha tena. Akasema sasa kinazunguka. Baba alimtaka arudie kuangalia, mama akamwambia yeye si kipofu. Ilikuwa muda mrefu sijawasikia wakijibizana.

Siku ya kwenda Taru ilikuwa ya tisa, moja kabla ya ahadi. Nilikuwa nimelala nyumbani, na chanjo mpya nilikuwa nimeiteremsha kutoka Kwale na barafu yake jioni iliyotangulia. Nilipotoka kulipopambazuka nilimkuta baba ameshaketi garini, ovaroli imefungwa vizuri safari hii, nadhani kwa msaada wa mama, kofia kichwani. Sikuwa nimemwalika. Kwenye kiti changu kulikuwa na chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha iliyofungwa kwa kitambaa. Nilimuuliza mama kama daktari ataafiki. Alisema daktari hayuko hapa.

Tulipanda hadi Kwale, tukateremkia Kinango, tukapita Samburu. Alinitajia vilima na madaraja kama mtu anayewasalimu jamaa. Mahali fulani alisinzia, kichwa kikagonga dirisha, akaamka na kujifanya alikuwa akiangalia tairi. Tulipouacha mji wa Taru na lami, akaanza kuitazama njia.

Nilisimamisha gari ukingoni mwa mto. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango niteremke nikageuze habu, akaniambia nikae.

"Baba, barafu," nilisema.

"Nimeiona. Kaa."

Alifungua mlango wake, akaitanguliza bakora, akashuka. Habu ya kushoto ilikuwa upande wake. Aliinama, akaigeuza kwa mkono mzima mara moja. Kisha akaanza safari ya kuzunguka pua ya gari, ameegemea boneti, hatua kwa hatua, mpaka akafika upande wangu, chini ya dirisha. Nilikuwa nikiiona kofia yake tu na mgongo wa ovaroli. Hii ilikuwa ile habu yenye kitufe kigumu. Ardhi pale ilikuwa na mteremko, na mkono wa kushoto ulikuwa na kazi moja tu, kumshikilia asibingirike mtoni. Akapeleka wa kulia.

Nilimwona akijaribu, akipumzika, akijaribu. Kiganja kiliteleza. Akakipangusa kwenye paja, akakirudisha. Alikuwa akigeuza kwa kutumia bega, kiwiko kikienda juu kama anayefungua dirisha zito. Niliangalia sanduku la chanjo nyuma yangu. Niliangalia saa. Halafu niliamua kutoangalia chochote, nikaukamata tu usukani kwa mikono miwili na kungoja, nami si mtu wa kungoja.

Kitufe kililia.

"Imeshika," alisema, akiliambia gurudumu.

Ilimchukua muda mwingine kurudi kitini. Uso wake ulikuwa na jasho na alikuwa akipumua kwa mdomo. Nilivuta gia ya foo-wili, nikaingia mtoni polepole kwa gia ndogo kama alivyonielekeza. Mchanga ulitupokea kama kawaida yake, pua ikainama, na kwa kitambo moyo wangu uliinama nayo. Kisha nikausikia usukani umekuwa mzito mikononi na mbele ya gari ikajivuta. Magurudumu yale yaliyokuwa watazamaji yalikuwa yakifanya kazi. Tulikwenda tukiyumba, mchanga ukipiga chini ya gari, na ukingo wa ng'ambo ukasogea, tukapanda. Nilianza kucheka, nikataka kusimama nimkumbatie. Aliniambia dereva hasimami mlimani.

Yule mama wa kikundi alikuwa mlangoni mwa boma. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akamwamkia baba kwa heshima na kumletea kigoda. Ndani ya boma mlikuwa na mbuzi wachache kuliko nilivyotarajia. Alinieleza bila kuficha kwamba safari hii ameacha nusu waende malishoni, kwa sababu imani yake ilikuwa nusu. Watatu kati ya wale waliokuwa wakikohoa walikuwa wameshakufa. Nilimwambia pole, na neno lilikuwa dogo. Nikafungua sanduku, nikamwomba atie mkono. Alizigusa zile chupa, akaitikisa barafu ikagongana. Akamgeukia binti yake, akamwambia akimbie wakarudishwe wale wengine.

Tulichanja hadi adhuhuri. Wanawake waliwashika mbuzi, mimi nikachoma, baba akiwa kigodani alimpaka kila aliyepita alama ya rangi mgongoni. Alipaka kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umechoka, akaulaza gotini, lakini hakuufunika. Mama wa kikundi alimuuliza umepatwa na nini, kama watu wa huko wanavyouliza, wazi. Baba akamweleza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja neno lenyewe kwa mtu asiye daktari. Yule mama akasema kakaye alipatwa hivyo hivyo na sasa analima. Hakuongeza ushauri. Alimletea maziwa katika kibuyu, na baba akayanywa yote.

Kikohozi kilikoma katika boma lile mwezi ule. Wakaniita watu wa vijiji viwili vya jirani, na vyote viko ng'ambo ya mto.

Tangu hapo baba huenda nami kila safari ya bara. Kazi ya habu ni yake, ukiigusa mtakosana. Si kwamba kila kitu kimekuwa laini. Msimu wa masika alishuka kwenye matope ya Kinango nikiwa nimemsihi asishuke, akaanguka kifudifudi, nikamwinua tukiwa wote wawili wa rangi moja. Baada ya hapo wiki mbili hakuja. Ya tatu alikuja na viatu vya mpira. Mimi nami nilisahau siku moja kumkumbusha azifungue habu tulipofika lami, tukasafiri hadi Kinango gari likinguruma na kunywa mafuta kama mgonjwa wa homa. Alinilaumu mimi, nikamlaumu yeye, mama akatulaumu wote.

Mkono haujawa kama zamani, na daktari ametuambia huenda usiwe. Lakini sasa hufunga vifungo vyake mwenyewe. Hushika kikombe kisichojaa. Akipeana mkono na mtu hutoa ule wa kulia na kumwacha mwenzake auchukue ulivyo. Jumapili alirudi kanisani, akakaa viti vya nyuma, wiki iliyofuata akasogea katikati. Na mara mbili tatu nimemkuta chini ya gari la jirani, au tuseme kando yake, kwenye kiti, akimwambia mtu akaze, alegeze, akaze tena.

Juma lililopita, kwenye ile tambarare ya chini ya Kinango ambako huoni nyumba wala mtu, aliniomba nisimame. Nilidhani anataka kunyoosha mguu. Alizunguka gari, akafungua mlango wangu, akasimama akingoja kama anayengoja mtu ampishe kwenye mlango wa duka. Nilihama kiti. Aliendesha kwa gia ya kwanza na ya pili, mkono wa kushoto ukihama kati ya gia na usukani, wa kulia umekaa juu ya usukani na kuongoza kidogo. Aliendesha mpaka kwenye kichaka cha kwanza, akazima injini, akatabasamu kwa upande wote wa uso, hata ule uliochelewa.

Tumekubaliana kwamba barabarani haendeshi mpaka apimwe. Miadi yake ni Alhamisi, hospitali ya Msambweni. Amenitaka nifike nyumbani saa moja asubuhi, nisichelewe, na niende na gari likiwa limeoshwa.